Shayiri: Nafaka Tuilimayo Bila Kuila

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika nafaka zote zilimwazo duniani, nne ndizo zenye mavuno makubwa kuliko nyingine: mahindi, ngano, mpunga, na ya nne ni shayiri. Tatu za kwanza twazijua sana, maana haipiti juma moja humu shuleni tusile ugali, wali au maandazi. Lakini ukiuliza katika mabweni yetu ni nani amekwisha kula shayiri, wengi watacheka, na wengine watakuuliza, "Kwani shayiri huliwa?" Ajabu ni kwamba baadhi ya hao watakaouliza watoka katika nyumba ambazo hulima shayiri kila mwaka.

Jina lake si geni masikioni mwetu. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu. Wakristo wamelisikia katika habari za mikate mitano na samaki wawili, na Waislamu hulikuta katika mafundisho ya zaka ya fitri, ambamo shayiri yatajwa pamoja na tende. Basi twaijua kwa masikio, na wengine twaijua kwa jembe, ila hatuijui kwa ulimi. Katika makala haya nataka kueleza asili ya nafaka hii, namna ya kuilima, na faida yake mwilini. Mwisho nitatoa hoja yangu mbele ya wazazi na waalimu wetu.

ASILI NA UMBO LAKE

Shayiri ni ndugu wa ngano, na wataalamu huiita Hordeum vulgare. Mababu wa mmea huu walikuwa majani ya mwitu yaliyoota katika nchi za Mashariki ya Kati. Watu wa huko walianza kuyapanda na kuchagua mbegu zilizo bora yapata miaka 10,000 iliyopita, na kwa hiyo shayiri ni miongoni mwa mimea ya kwanza kabisa kulimwa na binadamu. Katika Mesopotamia ya kale, ambayo leo ni nchi ya Iraki, vibarua walilipwa ujira wao kwa vipimo vya shayiri kama sisi tulipwavyo fedha. Wamisri wa kale nao walifanya mikate na pombe kwa nafaka hiyo.

Suke la shayiri lina ndevu ndefu kuliko za ngano nyingi, na likiiva huinama. Kila kifundo cha suke kina maua matatu, na vifundo hupokezana, kimoja upande huu na kifuatacho upande wa pili. Ikiwa ua la katikati tu ndilo lizaalo, suke huwa na mistari miwili ya punje. Ikiwa yote huzaa, suke huwa na mistari sita. Shayiri ya mistari miwili ina punje nene zilizolingana, na ndiyo ilimwayo zaidi kwetu. Katika aina nyingi kumvi zimegandamana na punje, wala haziondoki kwa kupura peke yake kama za ngano. Jambo hili dogo ndilo liliwafanya wapishi wengi kuikimbia, nami nitalirudia huko mbele.

NAMNA YA KUILIMA

Shayiri hupenda baridi ya kiasi. Katika Afrika Mashariki hustawi mahali palipoinuka, tangu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hadi kukaribia mita 3,000. Ndiyo sababu hapa Tanzania hulimwa Karatu, Monduli na upande wa magharibi wa Kilimanjaro, na katika Kenya hulimwa Mau Narok, Molo na Timau. Mtu wa pwani asijisumbue nayo, maana joto na unyevu wa huko vitamletea maradhi tu.

Udongo uwe mzuri na usiotuamisha maji. Mche wa shayiri uliosimama katika maji hugeuka manjano na kudumaa. Tena haipendi udongo wenye tindikali nyingi, kwa kuwa mizizi yake hufupishwa na kushindwa kutafuta chakula. Lakini yastahimili chumvi kuliko ngano, mahindi na mpunga, na kwa muda wa ukame hujitahidi kuliko mahindi, maana huiva upesi.

Shamba lilimwe mapema, mara mbili ikiwezekana, mpaka mabonge yavunjike. Masika yakianza, mbegu hupandwa kwa mistari iliyoachana sentimita 15 hadi 20, na kina chake kiwe sentimita 3 hadi 5. Ekari moja yahitaji kilo 30 hadi 40 za mbegu. Kabla ya kupanda, mkulima mwangalifu huijaribu mbegu yake, na jaribio lenyewe hata mtoto wa shule ya msingi aweza kulifanya. Hesabu punje 100, zilaze juu ya kitambaa kilicholowa, zifunike, na uzinyunyizie maji kila siku. Baada ya siku tano zihesabu zilizoota. Zikiwa 95, mbegu ni njema. Zikiwa 60, usipoteze jasho lako.

Mbolea ya fosfeti hutiwa pamoja na mbegu. Mbolea ya naitrojeni yatakiwa pia, lakini kwa kipimo. Ikizidi, mabua hurefuka, na upepo ukija shayiri hulala chini kama mkeka. Magugu yaondolewe katika majuma ya mwanzo, kabla mimea haijatanda, maana baadaye huwezi kuingia bila kuikanyaga.

Maradhi yake makubwa ni kutu, ubwiri unga, madoa ya majani, na fugwe, ambayo hugeuza punje kuwa unga mweusi kama masizi. Dawa ya kwanza ni mbegu safi, na ya pili ni kubadilisha mazao. Mahali palipopandwa shayiri mwaka huu, mwaka ujao pafaa pandwe maharage, njegere au viazi. Wadudu wa kuogopwa ni vidukari, ambao hufyonza majani na kueneza virusi. Ndege nao, hasa kwelea kwelea, waweza kumaliza shamba kwa siku chache.

Shayiri huwa tayari baada ya miezi mitatu hadi minne. Punje ikiumwa kwa meno na kuvunjika kwa mlio, wakati umefika. Wenye mashamba makubwa hukodi kombaini, na wenye mashamba madogo hukata kwa mundu na kupura kwa fimbo. Mavuno ya tani 2 kwa hekta ni ya kawaida kwa mkulima mwangalifu, na wenye ujuzi hupita hapo. Nafaka ianikwe mpaka unyevu wake usizidi sehemu 13 katika 100, ndipo iingizwe ghalani. Ikiingizwa mbichi, ukungu na fukusi watatangulia kuila kabla yako.

SHAYIRI NA KIWANDA

Sehemu kubwa ya shayiri ya Afrika Mashariki huuzwa kwa viwanda vya kimea. Huko punje huloweshwa, huachwa ziote kidogo, kisha hukaushwa kwa moto. Wakati wa kuota, vimeng'enya vilivyomo ndani ya punje huamka na kuwa tayari kuugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo ifanyayo bia na vinywaji vingine. Bibi zetu waliotengeneza kimea cha ulezi walifanya kazi iyo hiyo, ingawa hawakuwa na kitabu cha biolojia.

Sasa nawaomba wasomaji waangalie neno hili kwa makini. Mwenye kiwanda anunua wanga, hanunui protini. Protini ikiwa nyingi, wanga hupungua, sukari hupungua, na kinywaji huweza kuwa na ukungu. Kwa hiyo viwanda kwa kawaida hutaka shayiri ambayo protini yake ni baina ya sehemu 9 na 12 hivi katika 100. Iliyozidi hukataliwa, hata kama ni safi, kavu na nene.

Nyumbani kwetu twalima shayiri kwa mkataba. Msimu mmoja mvua ilikatika mapema, wakati punje zinajaa. Mambo yakiwa hivyo, wanga hauingii wa kutosha, na protini huonekana kuwa nyingi. Baba alipopeleka mzigo wake, mpimaji alichoma magunia kwa bambo, akapima, akasema protini imezidi. Magunia mengi yakarudi. Baba aliyauza kwa mfugaji kwa bei ndogo mno, na kwa fedha hizo hizo mama akaenda dukani kununua unga wa sembe. Deni la mbegu na mbolea likabaki palepale. Simlaumu mpimaji yule, maana mnunuzi ana haki ya kuchagua kimfaacho. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: ikiwa kosa la shayiri yetu lilikuwa ni kuwa na protini nyingi, je, hilo ni kosa mbele ya mtoto mwenye njaa?

Tufanye hesabu. Gunia la kilo 100 lenye protini sehemu 10 katika 100 lina kilo 10 za protini. Gunia lililokataliwa, lenye sehemu 13, lina kilo 13. Basi gunia lililorudi lina kilo 3 zaidi za kile kijengacho mwili. Tuliuza kilichokuwa bora kwa chakula, tukanunua kilicho hafifu.

FAIDA YAKE MWILINI

Gramu 100 za shayiri iliyoondolewa kumvi tu, bila kusuguliwa sana, zina protini gramu 12 na nusu hivi, na nyuzinyuzi gramu 17. Gramu 100 za mchele mweupe zina protini gramu 7 na nyuzinyuzi gramu 1 na kidogo tu. Unga wa mahindi yaliyokobolewa una protini karibu gramu 7 na nyuzinyuzi gramu 4 hivi. Kwa nguvu ya mwili zote hukaribiana, maana kila moja hutoa kalori 350 au zaidi kidogo. Pamoja na hayo shayiri ina chuma, fosforasi, magnesiamu na vitamini za kundi la B.

Nyuzinyuzi za shayiri zina sifa ya pekee. Ndani yake mna kitu kiitwacho beta-glukani, ambacho kikikutana na maji huwa kizito kama uteute. Ndiyo sababu uji wake hunata. Tumboni uteute huo huchelewesha sukari kuingia katika damu, na mlaji hukaa muda mrefu bila kuona njaa. Husaidia pia kupunguza lehemu, yaani kolesteroli, katika damu. Jambo hili limechunguzwa sana, hata mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliruhusu vyakula vya shayiri viandikwe kwamba hupunguza lehemu, kwa mlaji apataye gramu 3 za beta-glukani kila siku. Leo magonjwa ya kisukari na shinikizo la damu yameingia hata vijijini. Habari hii si ya Ulaya peke yake.

Lakini tusiisifu kupita kiasi. Protini ya shayiri, kama ya nafaka nyingine, ina upungufu wa laisini, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Dawa yake i karibu: ni maharage, choroko au kunde. Nafaka na kunde zikiliwa pamoja hukamilishana. Tena shayiri ina gluteni kama ngano, na wako watu wachache ambao matumbo yao hayaivumilii kabisa. Hao wasiile.

JIRANI ZETU WA ETHIOPIA

Msomaji aweza kusema, "Hayo ni ya vitabuni. Ni nani Mwafrika alaye shayiri?" Jibu haliko mbali. Katika milima ya Ethiopia shayiri ni chakula cha kila siku tangu zamani sana. Wao huikaanga punje na kuzitafuna kama sisi tutafunavyo karanga, na huziita kolo. Hukaanga na kusaga, wakapata unga uitwao besso, ambao msafiri huukoroga kwa maji akala bila kuwasha moto. Hupika ugali mzito uitwao genfo, wakatoboa shimo katikati na kutia siagi na pilipili. Na kwa kuwa shayiri huwahi kuiva, katika sehemu za juu yaokoa watu katika miezi ambayo mazao mengine bado ni mabichi shambani.

Kwa kuilima kizazi hadi kizazi, wakulima wa Ethiopia wamehifadhi aina nyingi mno. Mwaka 1927 mtaalamu wa mimea wa Urusi, Nikolai Vavilov, alipita huko akikusanya mbegu, akastaajabia wingi huo. Baadaye wataalamu waligundua katika shayiri za Ethiopia uwezo wa kushinda ubwiri unga, na pia virusi vile viletwavyo na vidukari. Uwezo huo umeingizwa katika mbegu zilimwazo Ulaya na Marekani. Basi wakulima wa mlimani, wengi wao wasiojua kusoma, wameyasaidia mashamba ya mataifa tajiri. Wangaliuza kila punje, wasile wala wasiweke mbegu, urithi huo usingalikuwapo.

NAMNA YA KUIPIKA

Kazi kubwa ni kuondoa kumvi. Tia shayiri kavu katika kinu, nyunyiza maji kidogo, twanga polepole kama utwangavyo mpunga, kisha pepeta. Rudia mara mbili au tatu mpaka punje zitakate. Usitwange mpaka ziwe nyeupe kabisa, maana ukifanya hivyo watupa chakula pamoja na pumba. Mashine ya kukobolea yaweza kufanya kazi hiyo kwa muda mfupi, kama mwenye mashine akijua kuipima.

Kwa makande, loweka shayiri na maharage usiku kucha katika vyombo viwili. Asubuhi anza kuchemsha maharage, na yakikaribia kulainika tia shayiri, kwa muda wa saa moja au zaidi. Malizia kwa kitunguu, nyanya na chumvi. Kwa uji, kaanga punje zilizotwangwa mpaka zinukie, saga, kisha pika kama uji wa ulezi. Kwa ugali, changanya sehemu moja ya unga wa shayiri na sehemu tatu za unga wa mahindi. Kwa chapati, changanya vivyo hivyo na unga wa ngano. Usitumie unga wa shayiri peke yake kwa mkate, maana gluteni yake ni dhaifu na mkate hautaumuka vizuri.

Maonyo mawili hayana budi kukumbukwa. La kwanza, mbegu ya kupanda iliyotiwa dawa isiliwe kamwe, wala isipewe kuku, hata ikioshwa mara saba. La pili, shayiri iliyokataliwa kwa sababu ya ukungu si sawa na ile iliyokataliwa kwa sababu ya protini. Yenye ukungu yaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo mkulima aliyerudishiwa magunia yake aulize sababu, na sababu hiyo aiandike.

HOJA YANGU

Sisemi wakulima waache kuuzia viwanda. Ada za shule za wengi wetu zimetoka huko, na mtu aliyetia sahihi mkataba hana budi kuutimiza. Nasema mambo mawili tu. Kwanza, kila nyumba ilimayo shayiri itenge kipande chake yenyewe, nje ya eneo la mkataba, kwa ajili ya chungu. Pili, magunia yanayorudi kwa kuzidi protini yasikimbizwe kwa bei ya kutupa kabla ya nyumba kuweka yake ghalani. Wahenga walisema akiba haiozi, nasi tumejifunza kwamba akiba ya namna hii hata kiwanda chashuhudia ubora wake pasipo kukusudia.

Shule yetu nayo ina shamba. Naomba waalimu wa kilimo wafikirie kutupa robo ekari katika masika yajayo. Mbegu zitakazohitajika hazizidi kilo 10. Tukivuna kwa kipimo cha tani 2 kwa hekta, tutapata kilo 200 hivi, yaani magunia mawili. Tukitoa moja ya tano kwa kumvi na pumba, zitabaki kilo 160, na kwa gramu 100 kila mlaji, hizo ni sahani 1,600. Kwa shule ya wanafunzi 400 ni milo minne tu. Najua si mingi. Lakini mwanafunzi aliyeila mara nne hatauliza tena kama shayiri huliwa, na likizo ikifika atakwenda kumweleza mama yake namna ya kuitwanga.